Mto Usio na Reli

Binti yangu wa kwanza alitaka twende Florida tukapande mashua ya Kongo.

Alilisema hilo mezani, akimega lituma, bila dalili ya utani. Binamu yake anayekaa Orlando alikuwa amemtumia video: mashua yenye paa la turubai inapita kwenye maji ya rangi ya matope katikati ya msitu mzito, tembo anamwaga maji kwa mkonga, viboko wanaibuka na kufunua vinywa, na kapiteni kijana anawachekesha abiria kwa kipaza sauti. Ubavuni mwa mashua imeandikwa Congo Connie. Sasa, sisi tunakaa Simi-Simi, magharibi mwa Kisangani. Ukiteremka kwa miguu kutoka kwetu, hata jasho halijakutoka, umeshafika ukingoni mwa mto Kongo. Mtoto anayepishana na mto huo kila siku alikuwa ananiomba nimvushe bahari akauone.

"Lakini papa, huu wetu hauna tembo," alijitetea.

Hilo sikulipinga. Usiku, watoto walipolala, nilikaa na simu kutafuta habari za mashua hiyo. Mchezo wenyewe unaitwa Jungle Cruise. Ulianza siku ileile bustani ya kwanza ya Disneyland ilipofunguliwa California, tarehe 17 Julai 1955, na wa Florida ukafuata mwaka 1971, bustani ya Magic Kingdom ilipofunguliwa karibu na Orlando. Nilichokodolea macho ni majina ya mashua za Florida. Mbali na Congo Connie kuna Sankuru Sadie, Rutshuru Ruby, Mongala Millie, Bomokandi Bertha, Wamba Wanda, Kwango Kate. Mtu fulani alikaa na ramani ya nchi yetu, akaokota mito mmoja mmoja, akaupa kila mmoja jina la bibi wa Kizungu. Hapa Kisangani nawajua watu wazima wenye diploma ambao wangehangaika kuionyesha Bomokandi kwenye ramani. Florida watu wanaipanda.

Wala haikutokea kwa bahati. Harper Goff, mchoraji aliyeubuni mchezo huo kwa ajili ya Walt Disney, aliichukua sura yake kutoka kwenye filamu ya The African Queen ya mwaka 1951. Filamu hiyo ya John Huston, yenye Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, ilipigwa sehemu ya kwanza huku kwetu: kambi ilikuwa Biondo, kando ya mto mdogo wa Ruiki, upande wa Ponthierville, yaani Ubundu ya leo. Baadaye kundi zima likahamia Uganda. Siafu waliivamia kambi, maji yakawaharibu watu matumbo, na inasimuliwa kwamba Huston na Bogart walinusurika kwa kuwa wao walikata kiu kwa wiski. Mashua yenyewe, iliyoundwa Uingereza mwaka 1912 na kufanya kazi Ziwa Albert kabla ya kuwa nyota wa sinema, iko Key Largo, Florida pia, inabeba watalii. Kwa hiyo binti yangu alichotumiwa kwenye simu ni nakala ya sinema ya msitu wa jirani.

Mama watoto ni mwalimu wa hesabu. Hakuipinga ndoto ya mtoto, alichukua kalamu. Visa ya kutembea Marekani ni dola 185 kwa kila kichwa, mkubwa na mdogo, na ukikataliwa hazirudi. Sisi ni watano: dola 925, na hujasikia hata injini ya ndege. Mahojiano yanafanyika Kinshasa, na kutoka hapa hadi Kinshasa kwa mto ni zaidi ya kilomita 1,700; kwa boti la mizigo hayo ni majuma, kwa ndege ni mfuko mwingine wa pesa. Kuingia bustani moja, siku moja, ni zaidi ya dola 100 kwa mtu mzima, na watoto kuanzia umri wa miaka mitatu wanalipa. Chakula, malazi, nguo. Alipofika kwenye ndege ya kuvuka bahari aliiweka kalamu chini, akamwambia binti kwa upole, "Ukimaliza chuo, utatupeleka wewe."

Mimi bado nilikuwa kwenye simu, maana kulikuwa na jambo limeniingia. Mashua zile hazielei ovyo. Chini ya maji kuna reli, na mashua inaifuata mwanzo hadi mwisho. Maji yametiwa rangi ili reli isionekane. Viboko na tembo ni mashine. Walt Disney alitamani wanyama hai, akaambiwa wanyama hai mchana hulala au hujificha, na mgeni aliyelipa hatakubali kurudi nyumbani bila kumwona kiboko. Nilipowaeleza watoto haya asubuhi, kijana wangu wa katikati aliuliza swali ambalo bado ninalipenda: "Sasa yule kapiteni anazungusha usukani wa nini?"

Anazungusha kwa ajili yetu, ili tuamini tuko safarini. Baada ya swali hilo niliona kwamba watu hawalipi dola 100 kwa sababu ya mto wala tembo. Wanalipia hakika. Hakika kwamba kiboko ataibuka palepale kila mara, kwamba mashua itarudi ilikoondokea, kwamba mtoto hatazama, kwamba saa ya kufunga inajulikana, na choo kipo. Baba aliyefanya kazi mwaka mzima ananunua siku moja ambayo hakuna litakalomshtua. Siwezi kuwacheka. Katika mji wetu hakika ni bidhaa adimu. Uwanja wa ndege wa hapa Simi-Simi, ambao zamani ulikuwa mlango wa Stanleyville, jina la kale la Kisangani, kabla ya uwanja wa Bangboka, ndio walioangukia makomando 320 wa Ubelgiji kwa miavuli alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, wakitoka kwenye ndege za Marekani, kuja kuwatoa mateka waliokuwa mikononi mwa waasi wa Simba. Mateka wa kigeni waliokufa wana majina vitabuni. Wakongo waliokufa siku zile hakuna aliyewahesabu sawasawa. Na mwezi Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania mji huu kwa siku sita, tarehe 5 hadi 10, na raia zaidi ya 700 wakauawa kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Mzazi wa Kisangani anapopanga matembezi, kichwani mwake kuna orodha ambayo mzazi wa Orlando haijui.

Mama watoto alikuwa na neno lake pia. Aliitazama video mara ya pili, akauliza, "Na watu weusi kwenye msitu huo wako wapi?" Walikuwepo. Kwa miaka mingi mashua ilipita mbele ya masanamu ya watu weusi wenye mikuki, na ya mzee anayeuza vichwa vya binadamu vilivyokaushwa. Mwaka 2021 wenye bustani walitangaza kuyaondoa. Nilimkumbusha kwamba Ulaya ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1897 Tervuren, karibu na Brussels, waliletwa Wakongo 267 wakawekwa kwenye vijiji vya maonyesho, na saba kati yao walikufa huko. Mwaka 1958, kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, Wakongo walikaa tena nyuma ya uzio wa mianzi, wageni wakiwarushia ndizi, mpaka wakachoka wakaondoka. Mtu akisema bustani za starehe hazituhusu, mwambie tulishawahi kuwa mchezo wenyewe. Hata leo bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa Florida mwaka 1998, ina mji wa kubuni unaoitwa Harambe, wenye mabango ya Kiswahili, na ina okapi. Mwituni okapi haishi popote duniani isipokuwa katika nchi yetu. Watoto wangu wanamjua kutoka kwenye noti ya falanga 1,000.

Basi tukakubaliana: likizo ya Julai ikianza, tutakwenda sehemu ya karibu, tutalala huko usiku mmoja au miwili, na iwe kwa maji. Kila mtu alileta pendekezo. Kijana alitaka bustani ya wanyama ya mjini, ile iliyo kando ya mto Tshopo, lakini vizimba vingi huko ni vitupu. Watu wanaenda Jumapili kwa ajili ya kivuli, maporomoko na kinywaji baridi, na kwa hayo ni pazuri. Mdogo alitaka ndege, ndege yoyote. Mimi nilitaka Yangambi, karibu kilomita 100 kushuka na mto, na kwa kuwa ndimi niliyekuwa na pesa, Yangambi ikapita bila kura.

Kwanza tulifanya jaribio: asubuhi moja kwa wavuvi Wagenia. Ni upande wa pili wa mji, tarafa ya Kisangani, pikipiki zinakufikisha. Pale ndipo Boyoma inapoishia, maporomoko saba yaliyotapakaa kwa takriban kilomita 100 kuanzia Ubundu, na kwa sababu ya hayo ilibidi ijengwe reli ya kilomita 125 kuyazunguka. Wagenia wamesimamisha magogo makubwa ndani ya mashimo ya miamba, katikati ya maji yanayonguruma, wakayafunga kwa kamba za msituni, na kwenye magogo hayo wananing'iniza mitego mirefu ya fito iliyochongoka nyuma. Samaki anasukumwa na maji mpaka ndani, hawezi kugeuka. Kila ukoo una sehemu yake, na sehemu hairukwi. Kijana anapanda magogo peku, maji yakimpiga kiunoni, anauvuta mtego, anachungulia, anatikisa kichwa: hakuna kitu. Tuliona mitego ikitoka mitupu mmoja baada ya mwingine. Mtoto wangu mdogo aliuliza kama wamesahau kuweka samaki.

Bei ya kutazama haijabandikwa popote. Unakaa kwenye benchi, wazee wanakuja, mnaulizana habari za nyumbani, halafu mazungumzo ya pesa yanaanza kana kwamba yamejitokeza yenyewe. Mimi hupenda sehemu hiyo. Mama watoto huichukia, kwani mwalimu wa hesabu anataka namba kwanza. Lakini aliona nilichotaka kuonyesha: pale hakuna mtu anayezungusha usukani bure. Samaki asipoingia, hakuna anayekula kwa ajili ya wageni.

Jaribio lilitufundisha tunachohitaji kwa Yangambi, na hapo ndipo kazi ya kupanga ilipoanza kweli. Majaketi ya kuelea yalikuwa juu ya orodha. Mitumbwi ya moteri inayoshuka na mto inayo, pengine, ya watu wazima, na mengine yamekaa juani mpaka yamekuwa mapambo. Ya watoto hayapo. Niliuliza sokoni, nikauliza bandarini, mwishowe nikayapata kwa mtu anayefanya kazi na watafiti wa msitu, akaniazima kwa sharti kwamba yarudi makavu. Tulimvisha mdogo sebuleni, akakataa kulivua, akala nalo chakula cha jioni.

La pili lilikuwa kuchagua kapiteni, na hili ni zito kuliko kuchagua chombo. Niliwauliza akina mama wanaopeleka bidhaa sokoni kwa mto, maana wao ndio wenye kujua. Hawakuniambia nani ana moteri mpya. Waliniambia nani hasafiri usiku, nani hapakizi mpaka maji yakafikia ukingo wa mtumbwi, nani halewi. Ajali nyingi za mto huu zina sababu hizo: giza, mzigo, pombe. Jina moja lilirudi kinywani mwa zaidi ya mama mmoja. Nikamtafuta mwenye jina. Nilipomwambia nataka kuondoka asubuhi na mapema na watu wasizidi kadiri, alinitazama kwa huruma kidogo, kisha akataja bei ya kuacha nafasi wazi. Hiyo ndiyo niliyolipia. Mke wangu aliiandika kwenye daftari: "hakika".

Vingine vilikwenda haraka. Kadi za mpiga kura kwa sisi wakubwa, vyeti vya kuzaliwa kwa watoto, vyandarua, dawa ya malaria, maji ya kunywa kwenye madumu, kwanga na liboke ya samaki kwa njiani, soda kwa watoto, mfuko wa plastiki kwa simu. Na noti ndogondogo, kwa kuwa pale bandarini, kabla ya kupanda chombo, kuna meza baada ya meza, na mkono mtupu haulambwi. Sitasema ni meza za nani. Anayesafiri na mto anazijua.

Siku yenyewe tuliondoka ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji. Mji ulipita mkono wa kulia, kisha nyumba zikapungua, kisha binti akapiga kelele: ile Simi-Simi! Kweli, tulikuwa tunapita kwetu. Kutoka majini mtaa wetu ulionekana mdogo, umejaa migomba na miti kuliko nilivyodhani, na mama mmoja alikuwa anafua kwenye jiwe ambalo nimelipita mara nyingi bila kuliangalia. Watoto walipunga mikono. Yule mama alipunga bila kujua ni nani, kama watu wa mtoni wanavyofanya.

Chini zaidi mto Lindi, ukiwa umeshameza Tshopo, unaingia Kongo. Huko huko kuna Yakusu, misheni ya zamani ya Wabaptisti wa Uingereza. Mmisionari mmoja wa hapo, John Carrington, alijifunza ngoma za Walokele zinazosema, akaandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Alieleza kwamba ngoma inafuata kupanda na kushuka kwa sauti ya lugha, na kwa sababu maneno mengi yana mlio mmoja, mpigaji hurefusha kila neno kwa msemo mzima ili msikilizaji asikosee. Niliwaambia watoto haya, nikidhani nimewafurahisha. Kapiteni, Mlokele mwenyewe, alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba babu yake alikuwa akiitwa nyumbani kutoka shambani kwa ngoma, jina lake, la baba yake na la kijiji cha mama yake. "Sasa bananitumia mesaji," akasema, "na mtandao haufiki." Abiria wakacheka. Nilimwangalia binti: na huyu kapiteni anachekesha.

Tofauti ni kwamba huyu alikuwa akifanya kazi. Hakuna alama kwenye maji. Alikuwa anasoma mikunjo: pale panapong'aa laini ni kina, pale panapotetemeka ni mchanga umepanda tangu mwezi uliopita. Mara mbili hivi alizima moteri, kijana wa mbele akatumbukiza mti mrefu kupima, wakaongea kidogo, tukakata kona ambayo mimi nisingeiona sababu yake. Kijana wangu alihama taratibu mpaka akakaa karibu naye, na hakuuliza tena habari za usukani. Tembo hatukuwaona. Tuliona korongo, magugu-maji yanayosafiri kwa vikundi, mitumbwi ya watoto wadogo kuliko wangu wakipiga kasia wima, bila jaketi, wakitutazama sisi na majaketi yetu ya rangi ya machungwa kifuani kana kwamba tunatoka mwezini.

Yangambi ni mahali pa ajabu. Wabelgiji waliifanya makao ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933, na walijenga mji mzima msituni: barabara za miti, nyumba za matofali, maabara, maktaba. Hiyo nayo ilikuwa bustani ya kubuni ya aina yake, Ulaya ndogo yenye mlinzi. Leo ni ya INERA, mrithi wake, na msitu unaozunguka ni hifadhi ya UNESCO tangu mwaka 1976. Nyumba nyingine zimekaliwa na popo, nyingine zimepakwa rangi upya. Mwenyeji wetu alitupeleka kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa, sampuli takriban 150,000 zilizobandikwa kwenye karatasi, na nilihofia watoto watachoka. Mdogo alilala kweli. Binti alibaki mbele ya karatasi moja yenye jani na mwandiko wa wino, akauliza aliyeandika yuko wapi. Alikufa zamani, akajibiwa. Jani bado lipo.

Lililomshika mama watoto ni mchikichi. Ni hapa Yangambi ambapo A. Beirnaert na mwenzake walieleza, mwaka 1941, jinsi unene wa gamba la kokwa unavyorithiwa: ukiuzalisha mchikichi wa gamba nene na ule usio na gamba, unapata wenye gamba jembamba na nyama nyingi ya kutoa mafuta. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yamepandwa kwa kanuni hiyo. Mke wangu alisimama chini ya mti akafanya hesabu ya kizazi kinachofuata kwenye vumbi kwa kijiti, robo, nusu, robo, watoto wakiwa wamemzunguka, na mwenyeji wetu akasema yeye hajawahi kumwona mgeni akiifurahia hivyo. Jioni tulikula ndizi na sombe yenye mawese mekundu. Nje ya mji unasimama mnara wa Congoflux, mita 55, uliojengwa mwaka 2020 kupima hewa ambayo msitu unaivuta na kuitoa. Watoto waliomba kupanda, wakaambiwa ni wa vyombo vya kupimia, si wa watu. Hapo palikuwa na kilio kifupi. Bustani ya Orlando ingekuwa na lifti.

Kurudi hatukuondoka asubuhi kama tulivyopatana. Kapiteni alikuwa anangoja magunia ya mpunga ya mama mmoja, na mama huyo alikuwa anangoja pikipiki, na pikipiki ilikuwa inangoja tairi. Mke wangu alifungua daftari lake, akaliangalia lile neno, akalifunga. Tulikaa chini ya mwembe. Watoto walicheza na watoto wa pale, na majaketi yakawa magoli. Tulipoondoka jua lilikuwa limepita utosi, nikamkumbusha kapiteni kuhusu giza, naye akanionyesha kwa kidole tutakapolala kama giza litatuwahi: kijiji cha dada yake, upande wa kulia. Halikutuwahi.

Binti alimtumia binamu yake picha za mto, na binamu akauliza kama mashua hiyo ina jina. Haina. Wameanza kushindana kulitafuta, na hadi sasa linaloongoza ni Lindi Louise.

Likizo ijayo mama watoto anataka Ubundu kwa treni, treni ikitembea, halafu Biondo, tuuone Ruiki. Kijana anataka tumchukue kapiteni yuleyule, ingawa nimemweleza kwamba kapiteni wa mtumbwi haendeshi treni. Mimi nimeshaanza kuuliza kwa akina mama wanaofanya biashara ya upande wa Lubunga, treni inakoanzia: treni inaondoka siku gani, nani anaweza kutulaza Ubundu, na siafu wa Biondo huhama mwezi gani.